Akidi

Saa kumi jioni mwenyekiti Kihiyo alihesabu viti vya plastiki,
akahesabu na vichwa, akahesabu tena
akimjumlisha mtoto wa Mwanasha aliye mgongoni.
Ishirini na tatu. Akafunga daftari.
"Akidi haijatimia."
Na transfoma ya Makorora, iliyolipuka tangu Jumanne,
ikabaki ajenda namba moja ya kikao kijacho.

Usiku, basi, ni giza lile lile.
Naingia jikoni kwa kupapasa, nimetoka zamu Bombo,
vidole bado vinanuka spiriti,
nakuta sufuria ya ngisi wa kukaanga kesho
inawaka.

Si moto. Si mbalamwezi; dirisha limezibwa na gunia.
Ni buluu yenye ukijani, hafifu,
kama sauti ya mtu anayeongea chumba cha pili.
Ngisi wamelala ndani ya maji ya chumvi, wamekufa tangu asubuhi,
na ngozi zao zinaangaza.

Mama mkwe yuko mlangoni, kanga kichwani,
keshafika nusu ya Ayatul Kursi.
Namwambia: Mama, hao ni vijidudu.
Ndiyo kwanza anapandisha sauti.

Nitamwelezaje? Kwamba bakteria hana jicho
wala sikio, wala kidole cha kuhesabia wenzake;
ana kitone tu cha kemikali, anachokitema majini
kama mtu apitaye gizani akisema hodi, hodi,
na kila mwenzake anatema chake.
Baharini hodi hiyo humezwa. Maji ni mapana,
jibu halirudi, naye haangazi:
ya nini kuwasha taa nyumba isiyo na mtu?
Lakini juu ya ngozi ya ngisi, ndani ya sufuria moja,
hodi zinarundikana, zinakuwa nzito,
zinawarudia wenyewe,
mpaka inafika dakika, hakuna mwenyekiti, hakuna daftari,
kila mmoja anajua: tumetosha.
Na taa inawaka mtaa mzima.

Kidole kimoja hakivunji chawa.
Hapo ningeweza kukoma, nikampa Kihiyo
mfano wa kufungulia kikao.

Lakini nimetoka zamu.
Kwenye sahani yangu ya maabara leo
palikuwa na usaha wa mguu wa Mzee Semkiwa, wodi ya wanaume,
wa kijani, wenye harufu tamu
ya zabibu zilizoiva kupita kiasi.
Hao nao walibisha hodi.
Siku tisa walikaa kidondani, wapole, wachache,
wakipima wingi wao kimya kimya;
ya kumi, akidi ilipotimia,
wakatoa sumu yao kwa pamoja
kama waliotumiwa barua moja.
Asubuhi daktari atazungumza na wanawe
habari ya msumeno.

Basi sijui niseme nini juu ya umoja.

Nachukua mwiko, nakoroga. Hewa inaingia,
mwanga unapanda, naiona mikono yangu hadi viwiko,
naona uso wa mama mkwe, mdogo, umechoka,
uso ambao mchana huwa mkali.
Amenyamaza. Kisha, kwa ile sauti yake ya kuulizia bei:
"Wote hao wanaambiana?"
Wanaambiana.
"Bila kuonana?"
Bila kuonana.
"Na sisi tunaosikiana vikohozi ukutani?"

Hangoji jibu. Anabeba sufuria hadi mlango wa uani,
anamwaga maji yote. "Siwauzii wateja wangu majini."
Mwanga unavunjika mtaroni vipande vipande,
kila tone linaondoka na wachache wake,
hodi zinapungua, zinapungua,
la mwisho linang'ang'ania ukingo wa saruji
kisha nalo silioni.

Ng'ambo ya ukuta, kwa Mwanasha, mtu anakohoa.
Mama mkwe anasafisha koo.
Anakohoa naye, kwa makusudi.
Tunasikiliza.